Difu Iliyokoboa Mpunga

Mwezi uliopita tulimzika Fundi Maganga, na mimi, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilivaa ovaroli lake lenye grisi juu ya gauni langu, nikajilaza kwenye kizingiti cha mlango wake na kutangaza kwamba jeneza halipiti hapo mpaka nipewe spana yake kubwa. Wageni waliotoka Dar es Salaam wakatazamana wakidhani bibi kapandwa na wazimu. Wenyeji wakacheka huku wanajifuta machozi, maana walijua Maganga ni Mnyamwezi wa Tabora na mimi ni Mndengereko, watani tangu enzi za babu zetu, na mtani asiyefanya vituko msibani watu humuuliza kama alikuwa na ugomvi na marehemu. Nikapewa spana, nikasogea, jeneza likapita. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kamasi zikanitoka, kwa sababu utani nao una mwisho wake, na yule mzee nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja. Jioni wajukuu wangu wakaniuliza bibi yao alijuana vipi na fundi wa magari. Nikawaambia wakae, hiyo si habari ya kusimuliwa mtu kasimama.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba Kibiti, katika nyumba ya uani yenye kuta zisizofika kwenye bati, hata ukipiga chafya chumba cha kwanza wa chumba cha mwisho anakuombea heri. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza kiberiti na chumvi yakajaa redio, vitenge na sabuni za kunukia, na kila mwenye miguu miwili akajiita mfanyabiashara. Mimi nikachagua kamba. Nilikuwa nanunua Nyamisati kwa wavuvi wa delta wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, nawapanga kwenye sanduku la mbao lililojazwa barafu na unga wa mbao, nawapakia kwenye lori na kuwapeleka Dar kwa Mzee Kombo, mpishi mkuu wa hoteli moja ya ufukweni. Chumba changu kilinuka kamba, kanga zangu zilinuka kamba, na usiku nilimsikia mume wa jirani akimwambia mkewe kwamba yule binti wa upande wa pili ni mzuri wa sura, ila atakayemuoa itabidi aanze kwanza kwa kuziba pua. Mkewe akamjibu kwamba hata yeye mume ananuka tumbaku na mke kaolewa naye vilevile. Nilicheka kimyakimya huku nimeuma mto.

Shida ilikuwa barabara. Mchanga wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na lori likikwama linakwama hasa, watu wanashuka, wanapika, wanakula, wanalala. Barafu haisubiri hayo yote. Mara mbili mfululizo niliwafikisha kamba wangu Dar wakiwa wamegeuka weusi kichwani, na mara ya pili Mzee Kombo hakugusa hata kifuniko cha sanduku. Alisimama mlangoni mwa jiko lake kubwa lenye vigae vyeupe, akavuta hewa mara moja, akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma: "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini wageni wangu hawakujui. Bamvua ya mwezi ujao nina karamu ya harusi. Ukiniletea wabichi, tutaendelea. Ukiniletea hawa, tafuta mpishi mwingine." Mpishi mwingine hakuwapo. Hoteli nyingine zote zilikuwa na watu wao wenye magari ya barafu, na mimi mtaji wangu wote ulikuwa kwenye yale masanduku. Nilirudi Kibiti nimekaa juu ya magunia, nikijua kwamba bamvua hiyo ama nitakuwa mfanyabiashara, ama nitarudi kijijini kupalilia mpunga wa watu.

Wiki hiyohiyo likapita kundi la magari ya mashindano kwenda kusini. Mji mzima ulijipanga barabarani kuyatazama yakiruka makorongo kama mbuzi. Jekundu moja halikufika mbali. Lilitua vibaya kwenye korongo upande wa Mahege, ekseli ya nyuma ikapasuka, ile ambayo mafundi wetu huiita difu, yenye meno tumboni yanayozungusha magurudumu. Dereva wake alichukuliwa na wenzake, na mwenye gari akaona kulivuta mpaka Dar ni adha, akatangaza kuliuza pale lilipolalia. Nililitazama gari lile kwa siku nzima. Ndani halikuwa na kiti cha nyuma, mabomba ya chuma tu yaliyokingama huku na huku, na pale penye nafasi ya kiti nikaona sanduku langu la kamba limekaa kama limepimiwa. Springi zake zilitengenezwa kwa ajili ya barabara za kishenzi kama zetu. Ukiliwasha linanguruma mpaka kuku wanaacha kudonoa. Kwa bei ya chuma chakavu, na kwa pesa za kukopa, nikalinunua. Udereva nilikuwa nimefundishwa na madereva wa malori waliochoka kunisikiliza nikiwakosoa. Usiku ule jirani alimwambia mkewe kwamba Zuhura kanunua gari lisilo na kiuno, mkewe akasema afadhali gari kuliko mwanamume asiye na kiuno, na mazungumzo yao yakaishia hapo.

Tulilivuta kwa trekta mpaka kwa Maganga, aliyekuwa na karakana chini ya paa la makuti karibu na gulio. Alikuja Kibiti na malori ya korosho, akaonja wali wetu wa nazi, akasahau njia ya kurudi kwao. Alizunguka gari langu, akaingia chini, akatoka, akasema kwamba Wandengereko kazi yao ni kucheza ngoma na kula wali, magari wawaachie wenyewe. Nikamjibu kwamba Wanyamwezi walikuja pwani kwa miguu wamebeba mizigo kichwani, wamejulia wapi magari? Baada ya kumaliza salamu hizo, akafungua difu. Habari nzuri ilikuwa kwamba meno ya ndani yalikuwa mazima, yanang'aa kama ya mtu asiyetafuna tumbaku. Habari mbaya ni kwamba ganda lake lilikuwa limepasuka kutoka tumboni hadi begani na bomba la upande mmoja limepinda, na chuma cha aina ile, alisema, ukikichomelea leo kesho kinakuaibisha.

Hapo ndipo tulipoanza kubishana, na tulibishana kwa siku kadhaa juu ya chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Ikwiriri kulikuwa na difu nzima ya pikapu, inauzwa, na Maganga aliitaka hiyo. Aliileta hata kabla sijakubali, akailaza juu ya magogo kando ya gari langu, akachora mstari wa chaki kwenye gurudumu, akaniambia nizungushe taratibu nihesabu propela, ile fimbo inayoleta nguvu ya injini, inazunguka mara ngapi gurudumu likimaliza duru moja. Propela ikazunguka, ikazunguka, mpaka nikachoka. Akafanya vivyo hivyo na meno ya gari langu, propela ikazunguka kidogo tu na gurudumu limeshamaliza. Akanieleza kwamba difu ya pikapu ina nguvu, itanitoa kwenye mchanga wowote, ila mbio nisahau, injini italia na gari litatembea kama mjamzito. Ile ya mbio itakimbia, lakini ganda lake ni jepesi, na nikilitupa korongoni kwa pupa litapasuka tena. Watu wazima waliokuja kunywa kahawa pale wote walikuwa upande wa pikapu. Nilikaa nikatafakari, nikaona kwamba nikifika salama na kamba waliooza sijafika. "Maganga," nikamwambia, "mimi sibebi matofali. Nibakizie meno yangu ya mbio, unitafutie ganda." Akaipakia difu ya pikapu kwenye mkokoteni. Nadhani ndipo alipoanza kuniheshimu, ingawa hadi anakufa hakuwahi kukiri.

Ganda la aina ile lilikuwa moja tu katika upande wetu wote ule, na lilikuwa Mahege, linakoboa mpunga. Zamani gari dogo la ofisa mmoja wa Utete lilizama kwenye mafuriko, na Mzee Mtulia wa Mahege akaokota difu yake akaiunganisha kati ya injini kuukuu na mashine ya kukobolea. Siku tuliyokwenda kumwomba alitukaribisha vizuri, akatulisha wali na kambale wa kukaanga, akaturuhusu kuipapasa ile difu iliyojaa pumba, kisha akakataa. Alisema mashine mpya ameshaagiza, lakini hiki chuma wamezeeka pamoja, mtu hauzi rafiki yake. Tulirudi kwa baiskeli mikono mitupu, na Maganga njia nzima alikuwa anasema huyu mzee ana akili kuliko sisi, jambo ambalo halikunisaidia chochote. Wiki mbili baadaye, bila ugonjwa wa maana, Mzee Mtulia akafariki.

Msibani nilikwenda kama wanawake wengine wote, na ndoo yangu ya unga kichwani. Wallahi sikuwa na difu akilini, nilikuwa namkumbuka na kambale wake. Lakini wanaume walipoinua jeneza ikasikika kelele kutoka kwenye kibanda cha mashine. Maganga alikuwa amekaa juu ya ile difu, amekunja nne, amejipaka pumba usoni, anasema Wandengereko hawana adabu, wanataka kumpeleka mtani wake bila kumuaga, basi hakuna anayeondoka hapa mpaka apewe alichokikalia. Kisha mtoto mkubwa wa marehemu, macho mekundu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikwa bega, akasema: "Chukua, mtani. Chukua utuachie baba tumzike." Hivyo ndivyo ilivyo kwetu. Anachodai mtani siku ile hanyimwi, na akishapewa hakuna anayekiulizia, wala mwenyewe haelezi kilikuwaje. Kinatoka tu. Nasi tukakipakia kesho yake vilevile, bila kuuliza neno, nikapeleka sukari na mchele kwenye matanga, na nikashukuru Mungu.

Maganga alifanya kazi nzuri, hilo nitalisema hadi mwisho wangu. Aliosha lile ganda kwa dizeli mpaka pumba zote zikatoka, akabadilisha beringi na mipira ya kuzuia oili, akapanga meno yangu ya mbio ndani kwa kuyapaka rangi na kuyazungusha hadi yalipogusana alivyotaka. Vikalio vya springi vilikuwa juu ya ganda, tundu la oili lilikuwa mahali pake, kila kitu kilikaa bila kulazimishwa. Alasiri, siku moja kabla ya bamvua, tukaliteremsha gari. Watu walikuwa wamejaa mpaka juu ya paa la kinyozi. Niliingia, nikawasha, kuku wakaacha kudonoa, nikatia gia ya kwanza, nikaachia klachi. Gari likarudi nyuma likaingia kwenye genge la nyanya.

Nikadhani nimekosea gia. Nikatia ya pili, likarudi nyuma kwa kasi zaidi. Nikatia ya kurudi nyuma, likaenda mbele, polepole, linalia. Kibiti nzima ikaanguka chini kwa kicheko. Maganga alifungua difu, akatazama meno, akafunga, akafungua tena. Meno yalikuwa sawasawa kama alivyoyatoa kwenye ganda la zamani. Nilimwona jasho linamtiririka, akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba yeye hana kosa, kwamba ni marehemu huyo, hajaridhika, anakivuta chuma chake kurudi Mahege. Mimi nami nikaangalia pua ya gari imeelekea wapi na kisogo kimeelekea wapi, na kweli, kisogo kilielekea Mahege. Mnaweza kucheka sasa. Siku ile hakuna aliyecheka tena, hata wazee wa kahawa waliinuka wakaenda kuswali kabla ya wakati.

Nilikopa baiskeli nikaenda kuomba radhi. Bi Mwanaidi, mjane wa Mzee Mtulia, alikuwa ameketi eda kwenye chumba cha ndani, shuka nyeupe mwilini, udi unafuka kwenye chetezo. Wanaume wasiokuwa maharimu wake hawakuruhusiwa hata kusikia sauti yake, lakini mimi mwanamke nikaingia. Nikapiga magoti, nikampa mkono wa pole upya, nikamweleza kwamba tumechukua difu ya mumewe kwa utani, na sasa marehemu anaivuta nyuma, tunaomba atusamehe, tuko tayari kuirudisha. Nilikuwa nalia kweli, kwa ajili yake na kwa ajili ya kamba wangu. Bi Mwanaidi aliniuliza inavyokwenda. Nikamwambia kwamba ukitaka mbele inakwenda nyuma. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani nimemliza. Akajiziba mdomo kwa shuka, lakini hakuweza, kicheko kikamtoka, kicheko kikubwa cha mwanamke mnene, mpaka binti zake wakaja mbio wakitokea jikoni.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mume wangu aliipindua. Ilikuwa juu chini. Alipoifunga mwanzo mashine ilizunguka kinyume, mpunga ukamrukia usoni, akanijia mweupe mzima kama jini. Akaipindua, akahamisha vile vibati vya kukalia, akatoboa tundu jipya la oili. Nilimshikia taa mimi mwenyewe. Mngeniuliza." Akacheka tena, akalia kidogo, akacheka. Binti yake mkubwa aliniambia uani kwamba tangu siku ya msiba mama yao hakuwa ametia hata tonge mdomoni kwa hiari yake, na wakati ule nilimsikia kule ndani akiomba aletewe uji. Nilikanyaga pedeli kurudi Kibiti nimejaa furaha ambayo sikujua nimeitoa wapi, maana gari langu lilikuwa bado linakwenda nyuma.

Maganga aliposikia alijipiga kofi la paji la uso, akakaa chini. Ganda lote lilikuwa juu chini tangu tulipoling'oa. Kulirekebisha kulihitaji kukata vikalio na kuvichomelea upande wa pili, na Kibiti wakati ule haikuwa na umeme wa kuchomelea. Karakana yenye jenereta ilikuwa Mchukwi, kwa misheni, na bamvua ilikuwa kesho yake. Kwenda mbele kwa gia ya kurudi nyuma injini ingechemka kabla hatujafika nusu ya njia. Hivyo alfajiri tulikwenda kinyumenyume. Mimi nimegeuza shingo, Maganga amepiga magoti kwenye kiti akitazama kioo cha nyuma na kuniambia kulia, kushoto, mbuzi, mbuzi mwingine. Mkia wa gari ulitangulia ukiyumba kama mlevi, lakini njia ilikuwa tupu na nikathubutu gia ya pili. Tulimpita mzee mmoja mwenye baiskeli ya nazi, na kwa kuwa pua yetu ilimwelekea, tukaendelea kutazamana naye muda mrefu baada ya kumpita. Maganga akamwamkia kwa heshima zote. Mzee akashuka kwenye baiskeli, akaisimamisha, akakaa kando ya barabara.

Pale Mchukwi fundi wa misheni alitupa zana na hakuuliza maswali mengi. Maganga alikata, akapindua, akachomelea, na kwa hofu yake ya makorongo akalifunga ganda mkanda wa chuma tumboni. Adhuhuri nikatia gia ya kwanza, gari likaenda mbele. Hatukushangilia, tulikuwa tumechoka. Nyamisati tulifika wavuvi wakiwa ndiyo kwanza wanapanda ngazi za gati. Nikawachagua kamba wangu mmoja mmoja, nikawalaza kwenye barafu, na safari hii nikakimbia. Makorongo niliyoyajua kwa kukwama nikayapita kwa kuruka, mchanga haukupata nafasi ya kutushika, na Maganga, mjuzi wa magari, alifumba macho kuanzia Bungu mpaka Mbagala akisoma sura zote alizozijua, akizimaliza anaanza upya.

Adhana ya Isha ilikuwa inatoka misikitini tulipoingia uani kwa hoteli. Mzee Kombo alitoka na aproni yake, akalitazama gari, akanitazama mimi niliyejaa vumbi hadi kope. Nikafungua sanduku mwenyewe. Nilijua barafu imebaki, lakini kujua na kuona ni vitu viwili. Akaingiza mkono hadi kiwikoni, akatafuta chini kabisa, mahali ambapo mtu huficha walioharibika, akamtoa kamba mmoja, akamwinua kwenye mwanga. Kamba akajikunja, akampiga mkia kwenye kidole. Mzee Kombo akawaita vijana wake waje kubeba sanduku. Nikaenda kusimama mlangoni nje, pale nilipozoea kusubiri kila mara, karibu na mapipa ya taka, nikamsikia ananiita kwa sauti kutoka ndani.

"Unasubiri nini huko? Kuanzia leo mlango huu usibishe hodi. Ingia tu, mwanangu."

Nikavua viatu vyangu vyenye vumbi, nikaingia kwenye vigae vyeupe, na katika biashara ile sikutoka tena mpaka magoti yaliponikataza kukanyaga klachi.